Sehemu ya Nne Inazimwa

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, mbele ya chumba cha kinyozi, mahali ambapo kivuli cha ukuta hufika asubuhi na kudumu mpaka alasiri. Kushoto kuna kibanda cha fundi kompyuta, kimejaa mifuniko ya mashine na nyaya zisizo na mwenyewe. Kulia kuna chumba kilichokaa kitupu miezi mitatu, na wiki hii kimepata mpangaji. Wenye benchi ni watatu. Kinyozi wanamwita Taratibu, kwa sababu ukikaa kwenye kiti chake uwe umeaga nyumbani. Fundi ujenzi ni Makadirio, ambaye hajawahi kusema neno bila kulikadiria. Wa tatu ndiye fundi kompyuta, Shabaha, mtu wa miaka arobaini na mitatu, miwani puani. Jina hilo hakulipata vitani wala msituni. Alilipata kwenye gemu za kurushiana risasi, alizoanza kuzicheza kabla ndevu hazijamwota. Siku hiyo alitoka kibandani, akakaa, akamiminiwa kahawa, asiinywe.

— Kahawa imekukosea nini? Taratibu akauliza.

— Wanaizima.

— Nani anazima nini?

— Sehemu ya nne ya ile gemu yangu. Kampuni imetoa tangazo leo. Jumamosi ya wiki ijayo seva inazimwa. Anayetaka kucheza na wenzake ahamie sehemu ya kumi na mbili.

— Hiyo seva ni mdudu gani? Makadirio akadakia.

— Ni kompyuta yao kubwa, huko waliko. Mimi niko hapa, mwenzangu yuko mbali, tunakutana humo. Wakiizima, kila mtu anabaki kwake anapiga risasi ukuta.

Taratibu akakung'uta nywele kwenye aproni yake.

— Mimi naitetea kampuni. Kichwa ni kilekile, nakinyoa kila mwezi, na mwenye kichwa anarudi. Biashara ndiyo hiyo.

— Sawa. Lakini ukininyoa leo, huji nyumbani kwangu kuchana picha niliyopiga na nywele za mwaka jana.

Makadirio alicheka mpaka kahawa ikampitia puani.

— Kwani hiyo ya kumi na mbili ina ubaya gani?

— Nimeijaribu. Siku mbili nzima naipakua. Naifungua, nakuta duka! Kofia dukani. Rangi ya bunduki dukani. Hata namna ya kucheka ukishamlaza mtu, dukani! Vita yenyewe unaitafuta kama mgeni anayetafuta choo na anaona haya kuuliza.

— Na ya kwanza?

Hapo uso wa Shabaha ukafunguka kidogo.

— Ya kwanza ilikaa kwenye CD moja, kisahani cha kung'aa. Waliitengeneza watu wachache, na nina hakika walikuwa hawalali. Kila mlango ulikuwa na sababu ya kuwa pale. Ukifa, unajua umekufa kwa uzembe wako. Watu wakaipenda. Basi wenye kuuza wakasema, leteni nyingine. Ya pili ikaja nzuri, ya tatu hivyohivyo, ya nne ikawa kiboko yao wote. Tangu hapo ni kila mwaka, itake isitake. Walioianzisha wengi wameshaondoka. Limebaki jina tu kwenye kasha.

— Ngoja nikwambie kwa nini wanaizima, Makadirio akasema, akijiweka sawa. Kwa makadirio yangu, maadui wamewaishia. Sehemu ya kwanza ulipigana na nani?

— Wanajeshi.

— Ya pili?

— Wanajeshi, ila kwenye theluji.

— Ya tatu?

— Wafu waliofufuka.

— Ya tano?

— Wanajeshi waliofufuka.

— Umeona! Watamtoa wapi mwingine? Adui aliyebaki ni wewe hapo, mzee mzima na sehemu yako ya nne, hutaki kuhama.

— Wewe umeishia nusu, Taratibu akasema. Mimi nasema hakuna kampuni. Kuna babu mmoja, chumba kimoja, na swichi. Mkewe kamwambia, mume wangu, hiyo mitambo inanguruma miaka yote, leo ni mimi au ni yenyewe.

— Babu gani! Makadirio akapinga. Hilo ni jengo. Sehemu kumi na mbili, ghorofa kumi na mbili. Matofali yamekwisha, wanabomoa ya nne wapate ya kujengea ya kumi na tatu.

— Si litaanguka?

— Ndiyo maana wana haraka ya kuuza!

Wakacheka wote, na Shabaha naye akacheka, ila kicheko chake kilikatika kabla ya vya wenzake. Kikombe kilikuwa bado kimejaa.

Hapo mpangaji mpya akatokea mlangoni kwake, mwanamke mshonaji, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

— Hamjambo hapa. Rangi ya ukuta haijakauka, harufu inanitoa machozi. Naweza kukaa?

— Karibu, dada. Sogea, Makadirio, umekalia nafasi ya watu wawili.

Akakaa. Wakamweleza kisa chote kwa pamoja, kila mtu na lake, mpaka na babu wa swichi. Alisikiliza bila kukatiza, kisha akamgeukia Shabaha.

— Samahani, kaka. Gemu ziko nyingi, na wewe ni fundi, hukosi nyingine. Hii ina nani ndani yake?

Shabaha alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Miaka yote ile ya benchi hakuna aliyewahi kumuuliza.

— Ina kaka yangu, akasema.

Akaanza kueleza, polepole. Kaka yake ni fundi mitambo mgodini, safari ya siku mbili. Udogoni walicheza ya kwanza pamoja kwenye kompyuta moja, kiti kimoja, mmoja akishika kipanya na mwingine vitufe. Miaka sita na nusu iliyopita mama yao alifariki. Mvua zilikuwa zimekata barabara, na kaka alifika siku moja baada ya maziko, tope mpaka magotini. Shabaha akamkuta mlangoni, mbele ya waombolezaji.

— Nilimwambia mama hakuzaa wawili. Alizaa mmoja.

Taratibu akaweka kikombe chini.

— Hakukaa hata kitako. Aligeuka akarudi alikotoka. Basi ikapita nusu mwaka. Jumamosi moja alasiri niko kwenye sehemu ya nne, naona jina linaingia, lile jina lake la kuchezea la tangu utotoni. Akaja upande wangu. Sauti yake masikioni, karibu kama wewe hapo, inasema, "Kushoto, wawili." Nami nikasema, "Nimewaona." Tangu siku hiyo, kila Jumamosi saa kumi. Ni hayo tu tunayoongea. Kushoto. Kulia. Rudi nyuma. Hatujawahi kusalimiana.

— Miaka sita? mshonaji akauliza.

— Miaka sita.

— Na namba yake ya simu, huna?

Swali lilikuwa jepesi hivyo. Taratibu alishika chupa ya kahawa amiminie watu, ikatoa matone mawili, basi. Shabaha alitazama viatu vyake. Namba alikuwa nayo. Alikuwa nayo siku zote.

Akainuka, akaenda mpaka mwisho wa ukuta, simu mkononi. Benchini wakaanza kusifia rangi ya chumba cha mshonaji kwa sauti ya juu, watu wasioijua rangi yenyewe, ili ionekane hawasikilizi. Simu ikaita. Ikaita. Karibu aikate. Kisha mngurumo wa mashine ukasikika upande wa pili, na mtu akivuta pumzi.

— Shikamoo, kaka, Shabaha akasema.

Mngurumo ukapungua, kana kwamba mtu anatembea akitafuta mahali penye utulivu, na mlango ukafungwa.

— Marahaba, mdogo wangu.

Waliongea mpaka rangi ya chumba ikakauka. Mwanzoni Shabaha alisimama, baadaye akachuchumaa, mwisho akaketi chini kabisa, suruali ya kazini kwenye vumbi, mgongo ukutani. Kuna wakati alifunika macho kwa kiganja, na Makadirio akataka kuinuka amfuate, mshonaji akamshika mkono akamrudisha chini.

Aliporudi benchini miwani ilikuwa mfukoni na macho mekundu.

— Anakuja mwisho wa mwezi, akasema. Na mkewe na watoto. Watoto wenyewe watatu! Mimi nilikuwa najua wawili. Wa mwisho ni wa kike, ana miaka minne. Kampa jina la mama.