Jogoo wa Posa

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kinyozi cha Mapopa, hapa Mzuzu, kaskazini mwa Malawi, mkabala na wauza viazi. Mkewe hupika kahawa, sisi huimaliza. Jumamosi ile tulikuwa watatu: Mapopa mwenyewe, tunayemwita Profesa kwa kuwa alisoma darasa la nane mara tatu, Chimwala fundi baiskeli, jina lake la utani Breki, kwa sababu akianza kusema hana, na mimi, niliyezunguka Johannesburg na Beira nikarudi na koti moja na maneno mengi. Maneno hayo ndiyo yaliyonipa ushenga wa mpwa wangu Wezi. Saa nane mchana tulitakiwa kwa kina Temwa, binti anayemposa, sisi na jogoo, wao na tetea, tubadilishane ndege, vigelegele vipigwe, uchumba uwe uchumba. Sasa ilikuwa saa nne, na jogoo alikuwa tumboni mwa Wezi.

Asubuhi hiyo alikunywa kachasu, ile gongo yetu ya kienyeji, akavuta bangi juu yake. Dunia ikamzunguka, akatapika penye mpera, kisha ikamjia njaa isiyo ya binadamu. Akamwona jogoo amefungwa mguu. Alimbanika, akamla hadi shingo, akaanguka juu ya magunia ya Profesa. Alikuwa akikoroma hapo, unyoya mdomoni.

— Vijana wanachanganya kwa sababu ya haraka, alisema Profesa. Pombe peke yake inamchelewesha. Akiongeza bangi anafika kabla hajaondoka.

— Anafika wapi? niliuliza.

— Ndiyo shida. Hata yeye hajui.

Breki alikataa. Kwake lilikuwa suala la ufundi: kimoja kinampandisha mtu, kingine kinamshusha, na kijana anadhani vitakutana katikati.

— Kanyaga pedali huku umeshika breki, uone kama cheni itabaki.

Profesa, kuona anashindwa, akaingiza mitindo ya nywele. Vijana wananyoa pembeni, baridi ya milimani inaingia ubongoni, wanatafuta moto wa aina mbili kwa mpigo.

— Na nani anawanyoa? aliuliza Breki.

— Mimi natekeleza tu.

Nikawasimulia nilivyochanganya mara moja, kule Johannesburg. Nililisalimia koti langu msumarini kwa saa nzima, nikakasirika halijibu. Moyo ulikwenda mbio nikadhani unatoka. Wenzangu walisema nililia nikimtaka mama. Walicheka hapo benchini, nami nikacheka, ila sikumbuki lolote la baada ya koti, na hilo linanitisha hadi leo.

Breki alisema ana jogoo mweupe nyumbani, tumchukue. Jogoo tungepata. Mposaji ndiye hatukuwa na mwingine.

Hapo akaja Temwa, amejifunga kitenge cha kazi, habari zimeshamfikia. Alipiga goti akatusalimu kama kawaida, akapita hadi kwenye magunia. Alimtoa Wezi unyoya, akamlaza ubavu asije akapaliwa na matapishi, akamsikiliza anavyohema. Kisha akarudi kwetu.

— Wajomba, Wezi hanywi. Wala havuti. Leo alipewa na nani?

Profesa akachungulia sufuria ya kahawa. Breki akapapasa nyuma ya sikio, pale anapoweka msokoto wake wa bangi kila siku, na palikuwa patupu. Nilimwona, naye akaniona nikifunika mfuko wa koti. Humo mlikuwa na kichupa changu cha kachasu, kimebaki nusu. Alfajiri nilimwita kijana pembeni, nikampa kidogo cha kumtia moyo. Sikujua kwamba Breki naye ana huruma kama yangu.

Temwa alisubiri. Wauza viazi nao walikuwa wamegeuka kututazama.

— Kahawa imeisha, nikasema.

— Sijauliza kahawa, mjomba.

Akavuta kitenge chake, akaketi katikati yetu.