Mama Vijiguu na Herufi Zisizopiga Kelele

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha kupangia herufi cha kiwanda chetu cha kuchapa vitabu, mwenzetu tunayemwita Mama Vijiguu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini.

Jina hilo alilipata kwa sababu ya herufi anazozipenda: zile za zamani, zenye mistari minene na myembamba, na vijiguu vidogo kwenye ncha. Alipoanza kazi zilikuwa za madini ya risasi, zimejaa kwenye droo. Kompyuta zilipoletwa, alishinda siku mbili akizitafuta humo. Alipozipata ndipo akakumbuka kusalimia watu.

Kwake, herufi ina tabia kama mtu. Hii yake ya vijiguu ni pole, haina haraka wala makelele; vijiguu vyake hulisindikiza jicho hadi neno linalofuata, kama mwenyeji anavyomsindikiza mgeni. Inafaa kitabu kirefu, barua ya rambirambi, hadithi ya kusomwa kwa utulivu. Haifai kila mahali, na hilo alijifunza kwa aibu. Aliwahi kuitumia kwenye tangazo la kuonya kwamba sakafu ina maji. Likapendeza mno, ila watu walilazimika kulisogelea ili walisome, wakateleza pale pale. Alilibandua mwenyewe, akaomba radhi idara nzima, akianza na mfagizi.

Mumewe hulalamika kwamba wakiletewa kadi ya arusi, mkewe hukagua herufi kwanza, maharusi baadaye.

Mwaka juzi meneja aliamua vitabu vyote vya hadithi vipangwe kwa herufi zisizo na vijiguu, ziendane na wakati. Mama Vijiguu hakubishana. Alipanga kisa kimoja mara mbili, kila aina ya herufi na karatasi yake, akazibandika kwenye kuta mbili za chumba cha chai. Kichekesho cha kisa kilikuwa katika mstari wa mwisho, hivyo angecheka tu aliyesoma hadi mwisho. Wiki nzima alitega sikio ajue kicheko kinatoka ukuta upi. Siku ya tano alicheka meneja, kikombe mkononi, mbele ya vijiguu. Uamuzi ukafutwa.

Lakini herufi hizo zinahitaji mtunzaji. Mama Vijiguu hugeuza ukurasa kichwa chini, akafumba jicho moja, aone kama wino umeenea sawa mithili ya kitambaa kilichofumwa vizuri. Ametufundisha sote, na bado hakuna ukurasa wa herufi hizo uliowahi kutoka bila jicho lake.

Isipokuwa huu. Karatasi uliyoishika tumeipanga wenyewe, tumejificha stoo, na tumeirudia mara tisa. Mama, kama kuna mahali hapakukaa sawa, tuambie leo, maana Jumatatu tunaanza kitabu kizima bila wewe.

Asante kwa subira yako. Tunakutakia siku nyingi za furaha, macho yenye afya, na vitabu vya kusoma bila kusahihisha.