Mwalimu Ikupa na Viazi Vilivyopungua Uzito

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mwalimu Ikupa Mwasumbi anastaafu utumishi wa umma baada ya miaka thelathini na minne, yote akiwa hapa Shule ya Sekondari Itondwe, Mbeya. Amefundisha Sayansikimu, amekuwa matroni wa bweni la wasichana, na muda wote huo ameongoza kikundi cha kunyanyua vitu vizito. Sayansikimu imepata mwalimu mwingine na bweni limepata matroni mpya. Swali lililozunguka ofisi ya walimu tangu Januari ni moja tu: chumba cha vyuma atamwachia nani? Uongozi ulishasema wazi kwamba asipopatikana mwalimu wa kukisimamia, kitageuzwa stoo ya mahindi. Mama Ikupa alilisikia hilo kikaoni, na wiki ile hakunywa chai na mtu.

Aliripoti Itondwe akitokea kwao Rungwe, na sanduku la bati pamoja na kikapu chenye tufe la chuma alilokuwa akilirusha tangu enzi za usichana wake. Inasemekana kondakta wa basi alikiinua kikapu kile kwa mkono mmoja, akakirudisha chini kwa heshima. Mwezi haukuisha kabla hajawakusanya wanafunzi wachache waliochoka kukaa benchi la mpira, akaanza nao kikundi.

Sheria yake ya kwanza haijawahi kubadilika. Hakuna anayegusa uzito kabla ya kufanya mazoezi ya kuchuchumaa na kuinuka kwa mti wa ufagio, mgongo ukiwa umenyooka, hadi yeye aridhike. Na huyu mama haridhiki upesi. Vijana waliotaka kufura vifua kabla ya mahafali walikata tamaa mapema. Waliobaki walilala vizuri, walikaa wima darasani, na ugomvi wa bwenini ulipungua kwa sababu jioni walikuwa hoi. Zabron wa Chimala, aliyekuwa akipakia magunia ya mpunga kila likizo na kurudi shuleni amejishika kiuno kama mzee, alifundishwa kuinua kwa miguu badala ya mgongo. Leo anasimamia makuli pale pale Chimala, na kila anayeanza kazi kwake huanza na ufagio.

Mwaka 2009 unahitaji aya zake peke yake. Vyuma vya kikundi wakati huo vilikuwa havitoshi, kwa hiyo Mama Ikupa alichukua gongo la mkaratusi akafunga kiroba cha viazi kila upande, akavipima kwenye mizani hadi uzito ukalingana na wa mashindano ya Iringa. Alipima siku ya kwanza tu, akaviacha kwenye kona ya stoo ya jikoni. Mpishi wetu Saulo alipoviona aliumia moyo: viazi vizuri vya Umalila vimekaa tu, na walimu wanakunywa chai na mihogo! Akawa anachota kidogo kidogo. Saulo ni mtu wa haki. Alichota sawa sawa kila upande, kwa hiyo gongo halikuwahi kulalia upande mmoja. Walimu wote tulikula uzito ule, tena kwa kachumbari, tukamsifu.

Kule kikundini ilikuwa shangwe. Kila wiki gongo lilizidi kuwa jepesi, kila wiki vijana walijiona majabali. Aliyeongoza kwa maendeleo ni Benedicta wa kidato cha tatu, mtoto wa Kihesa, Iringa, ambaye mwishoni alilipandisha juu ya kichwa huku akicheka. Mama Ikupa alipiga vigelegele. Hakuna aliyewaza kurudi kwenye mizani.

Iringa chuma hakikuinuka. Wa kwanza akavuta, wa pili akavuta, Benedicta akavuta akakaa chini kwa makalio mbele ya uwanja mzima. Ndani ya uwanja huo alikuwemo baba yake, Mzee Kasian, aliyesikia kwamba wanafunzi wa Mbeya wamefika akaja na ndizi za mwanawe, bila kujua kwamba huyo mwanawe anashiriki kunyanyua vyuma. Hakumpa hata ndizi moja.

Kwenye mkutano wa wazazi Mzee Kasian alisimama akasema msichana wa vyuma hazai, na kwamba mwisho wa muhula anamhamisha binti yake. Wazazi wengine walitikisa vichwa kukubaliana naye. Ilikuwa wazi kwamba Benedicta akiondoka, wasichana wote wataondolewa kikundini, na baada yao kikundi chenyewe hakitadumu. Benedicta hakula siku mbili. Saulo alikuwa ameshaungama habari za viazi, ila kwa mzee yule viazi havikuwa hoja.

Jumamosi iliyofuata Mama Ikupa alipanda basi hadi Iringa. Alibisha hodi Kihesa kwa kamwene, salamu ya Kihehe, yenye lafudhi ya Kinyakyusa iliyowavunja mbavu watoto wa nyumba ile. Mzee Kasian alizungumza hadi chai ikapoa. Alipotua, mkewe aliuliza kutoka mlango wa jikoni: mimba ya huyu Benedicta ilipokuwa na miezi saba, nani aliteremsha kuni kutoka mlimani, na nani alibeba debe la mahindi kwenda mashineni? Na siku hiyo Baba Benedicta aliitisha mkutano gani? Mama Ikupa, ambaye hakuwa amesema lolote la maana mpaka hapo, aliomba jambo moja tu: mzee aje mwenyewe kutazama mazoezi.

Alikuja. Alimkuta binti yake na ufagio, anarekebishwa magoti na mgongo kwa saa nzima, bila chuma chochote. Mwishoni aliomba naye aonyeshwe, maana kiuno kilikuwa kinamsumbua tangu kilimo. Benedicta alibaki. Mwaka uliofuata alishika nafasi ya tatu kule kule Iringa, na mwamuzi alilazimika kumwomba mzee fulani arudi nyuma ya kamba. Mzee Kasian husimulia kana kwamba binti yake alikuwa wa kwanza. Hatujaona sababu ya kumsahihisha.

Mwezi Aprili mwaka huu ofisi ya walimu ilipokea mwalimu mpya wa michezo, aliyeomba mwenyewe uhamisho kutoka Iringa. Ni Benedicta, mama wa watoto wawili. Alipoingia mlangoni, Mama Ikupa alimtazama, akauliza kama bado anakumbuka ufagio unashikwaje, kisha akalia mbele yetu sote. Hatukuwahi kumwona akilia, na sisi tulilia pia, Saulo kuliko wote. Mahindi yatatafutiwa mahali pengine.

Ijumaa ya kumuaga, Mzee Kasian ameahidi kuleta gunia la viazi la lumbesa, lile lenye kofia iliyoshonewa juu. Ameagiza lipimwe getini linapoingia, lipimwe tena linapopakiwa kwenye gari la Mama Ikupa, na katikati ya hapo Saulo asilikaribie.

Mama Ikupa, tunakushukuru kwa migongo uliyoinyoosha na kwa watoto uliowapigania. Tutakukumbuka sana. Nenda Rungwe salama, ukapate afya, usingizi na majirani wema, na siku ya safari tafadhali kaa kwenye kiti, mizigo waachie vijana. Shule ikifunguliwa mwezi Julai, saa kumi jioni, Mwalimu Benedicta atafungua chumba cha vyuma kama kawaida. Wanafunzi wapya wataanza na ufagio.