Nesi Mikono Nyuma, Aliyeondoka na Kiatu Kimoja Mguuni

Ndugu, majirani, wauguzi wenzake na nyote mliokuja, haya ndiyo maisha ya marehemu kama ninavyoyajua mimi mama yake mzazi. Kaka yake mkubwa ananisomea, maana mimi na herufi hatujawahi kusalimiana. Nimemwonya asipunguze neno, hata yale anayoona nimeyatia chumvi.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Aprili 1968, mtoto wa pili kati ya watatu. Mvua ya siku hiyo haikunyesha, ilimwagwa. Samaki walipita jikoni kwangu, wakauona moto, wakageuza. Alikuja kabla ya wakati wake, mdogo mpaka akaenea ndani ya kiatu cha baba yake na nafasi ya soksi ikabaki. Anayebisha akamuulize mkunga, na mkunga alishatangulia. Yule mama hakuwa na mashine yoyote. Alimlaza mtoto kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja kwa shuka na kunikataza kumtoa. Nilipika naye kifuani, nikagombana na baba yake naye kifuani, nikalala nimekaa. Siku nilipolifungua shuka kwa moyo mmoja alikuwa na mashavu, nami nilishasahau kwamba tuko wawili.

Alisoma shule ya msingi karibu na kiwanda cha matofali kuanzia mwaka 1975, akaendelea na sekondari ya bweni, kisha akahitimu chuo cha uuguzi mwezi Novemba 1989. Alipopewa sare nyeupe aliizunguka mitaa yote akijidai anatafuta kiberiti cha kuazima. Viberiti vilijaa nyumbani. Baba yake, ambaye naye ametutoka, alimwacha azunguke.

Alianza kazi katika wodi ya wazazi mwaka 1990, na mwaka 1995 akahamia kituo cha afya kuwa muuguzi wa jamii, yaani wa kuwafuata mama na mtoto majumbani. Mzani wa kuning'iniza begani, chanjo kwenye kisanduku cha barafu, viatu vya kamba. Wakati huo alikuwa na mikono ya ajabu. Mtoto aliyelia tangu asubuhi akishikwa naye alinyamaza kama redio iliyoishiwa betri. Watu walimsifu, nami nilisema amenirithi.

Siku moja aliingia kwa mama mmoja kijana, mzazi wa mara ya kwanza, mtoto analia na mama ameketi pembeni amegeukia ukuta. Marehemu akamnyanyua, mtoto akanyamaza. Akamrudisha kwa mama yake, akalia. Akamchukua tena, kimya. Yule mama akamtazama, akasema taratibu, "Kwako ananyamaza, kwangu analia. Si umchukue tu?"

Jioni ile marehemu hakula. Aliniambia, "Mama, leo nimemwibia mtu mwanawe, na mwenyewe ananiangalia."

Tangu siku hiyo akiingia nyumba ya mzazi aliiweka mikono nyuma, kama mkaguzi wa barabara. Mtoto akilia yeye anasimama tu, anazungumza na mama kwa sauti ya chini: mwinue, mlaze kifuani, mnuse utosi, mwite. Kama mikono ilimwasha sana, alikwenda kuosha vyombo vya mwenye nyumba, ili mama asiwe na kisingizio cha kuinuka. Mtoto mgonjwa alikuwa habari nyingine. Akiona utosi umebonyea, mwili unawaka, au mtoto amekataa ziwa, ile mikono ilitoka nyuma upesi kuliko paka aliyeona panya, na mama na mtoto walifika hospitali kabla jirani hajauliza kuna nini. Lakini mtoto mzima mwenye mama yake hakumgusa kwanza. Wakamwita Nesi Mikono Nyuma. Wapo waliosema hapendi watoto, na wengine wao wamekaa hapa mbele wakilia kuliko mimi.

Kwa yule mama alirudi kila wiki, akaosha masufuria mpaka yakaanza kutoboka. Leo mama huyo ameniruhusu niseme kwamba ni yeye, yule muuza mboga wa sokoni ambaye mnamjua kwa mdomo wake. Na mtoto ambaye alitaka kumgawa ni fundi magari, mmoja wa vijana walioubeba mwili wa marehemu kutoka nyumbani hadi hapa.

Mwaka 1993 marehemu aliolewa na fundi mwashi aliyekuja wodini na kibanzi kidoleni, kibanzi ambacho hata kwa darubini kisingeonekana. Alikuja nacho mara tatu. Wodi ilikuwa ya wazazi, lakini mapenzi hayasomi vibao. Walijaliwa binti mmoja, wakaishi miaka yote hiyo wakibishana juu ya chumvi tu, na mimi nikiwa mwamuzi asiyelipwa.

Sasa nafika mahali ambapo ulimi wangu unakuwa mzito. Wasifu huwa na sehemu ya ugonjwa. Hii haina, marehemu hakuugua hata mafua. Foleni hii ilikuwa yangu. Nimeikalia miaka mingi, nguo ya kuzikiwa nimeshachagua, na aliyeipiga pasi ni yeye, huku akinicheka kwamba nitaichakaza kwa kuijaribu. Amenipita bila hata kuniomba radhi, na hakuwa mtoto wa tabia hiyo.

Tarehe 20 Februari mwaka huu wa 2025 binti yake alijifungua mtoto wa kiume, mdogo lakini mzima. Uzazi ulimchosha na moyo ukawa mzito. Alimnyonyesha mtoto akiwekewa na watu, kisha akawapa wamwondoe. Marehemu alikwenda kila siku, akasimama, mikono nyuma, kwa mjukuu wake mwenyewe. Sisi tulimsema sana. Mdogo wake alimwuliza ni bibi gani huyo asiyempakata mjukuu. Akajibu kwamba atampakata siku mwenye mtoto atakapombeba bila kuambiwa.

Jumanne tarehe 4 Machi asubuhi simu yake ililia, akaiweka sauti ya juu kwa sababu alikuwa anavaa viatu. Mimi na mumewe tulisikia. Binti alisema, "Mama, nimembeba mwenyewe. Amelala kifuani. Njoo umpakate."

Marehemu alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu apewe ile sare. Akasema, "Usimwondoe hapo. Nakuja."

Akainama. Mumewe alidhani anafunga kamba. Nami nilikuwa nimeanza kumtania kwamba leo bibi kizee anakimbilia mchumba. Hakujibu. Kiatu cha kulia kilikuwa mguuni, cha kushoto kilikuwa mkononi. Daktari alisema mshipa umepasuka kichwani. Nimeambiwa mara nyingi, na kila mara nageuka kumwuliza yeye, kwani mambo ya daktari ndiye aliyekuwa akinieleza.

Mjukuu wangu, haya ni yako. Tangu Jumanne umemweka mtoto chini, unasema ungenyamaza mama yako asingeharakisha viatu. Mwanangu, simu haipasui mshipa. Daktari alisema ungepasuka hata akiwa usingizini. Simu yako ilimkuta tu, ikamfanya aondoke akicheka. Mimi nimeishi miaka mingi na sijamwona mwingine aliyesindikizwa hivyo, na mnajua huwa sikosi kumwona mtu wa kusimulia.

Neno lake la mwisho hakunipa mimi wala mumewe. Alikupa wewe, nalo ni "Usimwondoe hapo."

Kwa hiyo, wapendwa, nawaomba jambo moja. Mtakapokwenda kumpa pole, msimpokee mtoto. Wekeni mikono nyuma. Inayowasha, masufuria yapo na maji yapo. Nawe mwanangu wa mwisho, shangazi na mama wadogo wote, huyo mnayempokezana tangu asubuhi ana mwenyewe, na mwenyewe amekaa hapo. Mrudishieni sasa, kabla udongo haujaingia. Akilia, mwacheni alie mkononi mwa mama yake.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mkwe, mjukuu wa kiume ambaye hakuwahi kumpakata, kaka, mdogo wake wa kike, mama mzee aliyerukwa kwenye foleni, na watoto wa mitaa hii wasiohesabika ambao hakuwagusa ili wapate mama.

Apumzike kwa amani, na huko aliko, mikono aiweke mbele.