Fundi Lukmani na Ubavu Wake wa Kulia

Ndugu waombolezaji, majirani wa Kibondo nanyi mliotoka Kasulu alfajiri, familia inawasimulia maisha ya Fundi Lukmani Tamimu, mtu asiyejua kutulia, na watani wake mtuvumilie kidogo, zamu yenu inakuja.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, Rungwe Mpya ya leo, kwa Mzee Tamimu na Bi Adija, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akafundishwa cherehani na baba yake mdogo, Abdulrahmani, mjini Kasulu, na mwaka 1981 akafungua banda hapa Kibondo, ambako nusu yenu mmesoma na sare zake, msibishe. Tarehe 18 Agosti 1984 alimwoa Bi Safina, wakajaliwa Saady na Tunu.

Kiungulia kilimwanza mwaka 2012, akakitibu kama tunavyokitibu wote huku, kwa kulamba magadi, lakini kila akijinyoosha tindikali inapanda hadi kooni, anaamka anakohoa, mwishowe akawa analala ameketi, mito mgongoni, Bi Safina akimpangia. Daktari alimshauri alalie ubavu wa kushoto, jambo hilo likamchoma, kwa kuwa mama yake alimlea kulalia wa kulia kama Mtume alivyolala, akasema yeye haombi makubwa, anataka ubavu wake tu.

Februari 2014 alikwenda Dar es Salaam, akaelezwa matibabu mawili yanayopitishwa mdomoni kwa mpira wenye kamera, bila kupasuliwa, moja ni kukunja na kushona mlango wa tumbo, jingine ni kuukaza kwa joto, kwamba kushona huzuia tindikali vizuri zaidi ila mshono waweza kulegea, na joto hupunguza maumivu ila tindikali mara nyingi hubaki, lakini kabla ya yote umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, lazima uchunguzwe. Weee, umweleze fundi habari za mshono na joto! Alirudi hana raha, kutwa banda hadi banda, akiuliza uzi gani usiooza kwenye maji, pasi gani isiyobabua, leo anasifu kushona, kesho anasifu joto, na tarehe ya uchunguzi ikapita, kwa kuwa alitaka kwanza achague mshono ndipo akapimwe, yeye aliyekuwa akimfukuza mteja anayetaka kitambaa kikatwe kabla ya vipimo. Tulimbembeleza, tukagombana naye, hakusikia, na hilo linatuuma mpaka sasa.

Januari 2015 chakula kilianza kumkwama, akachunguzwa, ikakutwa saratani ya umio, si kushona wala joto lililofaa tena, naye akafariki jana, tarehe 21 Mei 2015, nyumbani, ameketi, ameegemea bega la mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliosema naye kwa subira, majirani waliotupikia, na mafundi wenzake waliokata sanda, ambao walimpima kwanza.

Baada ya swala ya Ijumaa tutamlaza ubavu wa kulia, ameelekea kibla, na Bi Safina amesema mito ibaki nyumbani. Haya, Fundi, jinyooshe, ubavu wako ndio huo. Pumzika kwa amani.