Mashine Ilipomtafuta Gashe Dinku

Mbele ya studio ya picha ya Zerihun, pale mjini Dessie ukishuka kutoka kanisani, pana benchi la mbao lililopinda katikati kwa kukaliwa na watu walewale miaka yote. Kando yake Alganesh, muuza kahawa, huweka jiko la makaa na birika lake jeusi la udongo, akamwaga majani mabichi chini, akachoma ubani, na ukishakaa huinuki mpaka mikupuo mitatu ya kahawa iishe: wa kwanza mkali, wa pili wa maneno, wa tatu wa baraka. Asubuhi ile ya Ijumaa walikuwapo wawili wa kila siku. Mmoja ni Seid, fundi redio mstaafu anayeitwa Injinia na mtaa mzima, ingawa redio alizozifungua ni nyingi kuliko alizozifunga. Mwingine ni Shamasi, aliyehudumu kanisani ujanani mpaka akaangua kicheko katikati ya ibada; kazi ikamtoka, jina likabaki. Zerihun mwenyewe hakukaa. Alisimama mlangoni, kikombe mkononi, jicho ndani kwenye kompyuta.

— Bado? Injinia akauliza.

— Bado. Nimebofya harusi moja tangu Alganesh anakaanga buni. Mpaka kaikaanga, kaitwanga, kaichemsha, na bibi harusi hajafunguka hata shela.

— Haraka haraka haina baraka, akasema Shamasi. Ndiyo maana mashine yako ina baraka nyingi.

Zerihun hakucheka. Siku ya mazishi ya Gashe Dinku, mzee wa mtaa, mbele ya watu, alikuwa amemshika mkono mjane, Etye Yeshimebet (Etye ni heshima kwa mwanamke mkubwa, kama Gashe kwa mwanamume), akamwambia: "Etye, usihangaike na picha ya kuweka mezani siku ya arobaini. Ninazo mimi." Nyumbani kwa marehemu ilikuwapo moja tu, ya kitambulisho, na humo Gashe Dinku anaonekana kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Arobaini yenyewe ni kesho. Mjane anakuja leo saa nne. Na picha zote za Zerihun, miaka kumi na mitatu ya harusi na ubatizo, laki moja na arobaini elfu kwa hesabu ya mashine, zimo ndani ya ile programu ya kutunzia picha, ambayo tangu juzi inatembea kama konokono mwenye mimba.

— Umezima ukawasha? akauliza Injinia.

— Nimezima na kuwasha mara saba! Ushauri wako huo huo.

— Basi zima ya nane. Mimi redio ya mkuu wa shule niliizima mara kumi na moja.

— Ikapona?

— Ikanyamaza. Kunyamaza nako ni nafuu.

Zerihun akaeleza kwamba ameshafuta vumbi ndani ya kasha kwa brashi ya rangi, ameshaongeza kumbukumbu ya mashine, na waya wa ile diski ya nje kaubadilisha. Injinia akamsikiliza akitafuna bisi, halafu akatikisa kichwa kama daktari aliyekwisha mtoa mgonjwa roho.

— Umeme, kaka. Umeme wa hapa unapanda mlima kutoka bondeni. Ukifika kwako umechoka, unataka kukaa kwanza.

— Mbona friji ya Alganesh inafanya kazi?

— Friji haina akili, haitaki umeme wenye akili.

— Acha zako, Injinia, Shamasi akamkata. Tatizo ni miezi. Kalenda yetu sisi ina miezi kumi na mitatu, sivyo? Hiyo mashine imefundishwa kumi na miwili. Ikifika picha ulizopiga ule mwezi wetu mfupi wa mwisho, siku tano zile, inasimama: "Hapa ni wapi?" Imepotea, maskini. Na mwaka wake uko mbele ya wetu. Na saa zake! Sisi tukisema saa nne, yenyewe inasema kumi. Sasa umeituma ikatafute jana yetu katika kesho yake. Wewe ungefika?

Benchi zima likatikisa kichwa kwa heshima. Hata Zerihun, aliyejua kwamba huo ni upuuzi, akajikuta akihesabu kwa vidole harusi alizopiga katika siku tano zile. Hakuna. Mwezi huo watu hawaoi.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, Shamasi akamalizia, na hakuna aliyejua kuku ni nani.

Alganesh akamimina mkupuo wa pili.

— Ninyi wanaume mnaongea tu, akasema. Zerihun, hiyo mashine si uliniambia inajua nyuso za watu?

— Inajua. Ukiionyesha uso mmoja, inautafuta katika picha zote.

— Na wewe umeionyesha uso wa nani?

— Wa Gashe Dinku. Juzi.

— Basi ndiyo hivyo. Mashine imekaa Dessie miaka kumi na mitatu, imekwisha shika adabu. Kila uso inaokutana nao lazima iusalimu. Umeamkaje? Watoto hawajambo? Ng'ombe? Mvua? Busu shavu hili, busu shavu lile, rudi la kwanza. Harusi moja ina watu mia nne. Wewe unafikiri itamaliza lini?

— Mpaka ng'ombe! Injinia akapaliwa na bisi.

— Halafu ikifika nusu ya watu, wewe unaichomoa kwenye umeme. Ikiamka, inaona aibu, inaanza tena na wa mlangoni. Mara saba!

Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini Zerihun hakukisikia. Aliweka kikombe chini juu ya majani, akaingia ndani, akainama mbele ya kioo cha kompyuta. Kwenye pembe ya chini, kwa herufi ndogo ambazo hakuwahi kuzijali, paliandikwa kwamba kazi ya kutafuta nyuso imefika tisini na sita kwa mia. Kila alipozima, kazi ile ilirudi sifuri. Siku tatu alikuwa akimpiga teke punda aliyekuwa akikaribia sokoni.

— Mtu asiiguse! akapiga kelele. Mtu asiiguse hata kwa macho!

Tisini na saba. Injinia akajitolea kuizima kidogo tu ipumue. Zerihun akasimama mlangoni, mikono kakingamisha. Tisini na tisa. Na Etye Yeshimebet akatokea kwenye kona, amejifunga nguo yake nyeusi ya msiba, anatembea taratibu.

— Mgeni njoo mwenyeji apone, akasema Shamasi, mara hii kwa sauti ya chini.

Wote wakasimama, wakampa pole, wakampisha benchi. Zerihun akageuza kioo kielekee mlangoni. Na hapo, bila kuaga mtu, mashine ikamaliza. Picha zikamwagika kama mbegu kutoka guniani: elfu moja mia tatu na kumi na mbili. Gashe Dinku anatikisa mabega mbele ya wapiga ngoma. Gashe Dinku kamshikia bibi harusi mwavuli. Gashe Dinku na mfupa mkononi, mdomo umejaa, anacheka.

Etye Yeshimebet alitazama muda mrefu. Zerihun alishindwa kujua kama machozi yanakuja au hayaji.

— Zote hizi ni harusi? akauliza.

— Zote, Etye. Ubatizo ni mmoja mmoja.

— Na harusi zako unapiga siku gani?

— Jumamosi.

— Na huyu nyuma yake mwenye gilasi si Shamasi? Na huyu kwenye meza ya Waislamu, mwenye paja la kondoo, si Injinia?

Shamasi akaanza kuchunguza ubani. Injinia akagundua kwamba kiatu chake kina kamba.

— Miaka kumi na mitatu, akasema mjane, kila Jumamosi mume wangu alinyoosha koti akaniambia anakwenda kwenye kikao cha chama cha kuzikana, pamoja nanyi. Nilikuwa namfungia mkate, asishinde na njaa. Sasa naomba kuuliza tu, baba zangu. Hicho kikao mlikuwa mnakifanyia wapi?

Alganesh akainamisha birika kuwaokoa kwa mkupuo wa tatu; likatoa matone mawili ya tope.

Zerihun akakohoa. Akasogeza picha haraka mpaka kwenye moja ambayo marehemu ametulia, koti limefungwa vifungo vyote.

— Hii inafaa, Etye. Ina heshima.

— Rudi nyuma. Ile ya mfupa.

— Ile mdomo umejaa, Etye. Watu wanakuja kuomboleza.

Etye Yeshimebet akajifuta jicho kwa pindo la nguo. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na ilimchukua Zerihun kitambo kutambua kwamba anacheka.

— Ikuze hiyo hiyo, akasema. Huyo ndiye aliyenioa. Yule wa vikao mimi simjui.