Ukuta Nilioukandika

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Msambweni! Mimi ni Nyamvula, binti wa Mbeyu. Shuleni nilikaa miaka miwili tu, lakini jina la mtu silisahau.

Mdogo wangu Mwero alikuwa mchoraji. Mama yetu Mbeyu alipofariki, Mwero alimchora kwenye ukuta wa nyumba yetu kwa mkaa, chokaa na udongo mwekundu, ameshika mwiko wake wa kupikia. Nanyi mwajua, kwetu kushika udongo wa ukuta ni kazi ya wanawake. Mjomba Chizi alikuwa akimpigia kelele njiani, "We Mwero, utaolewa lini?" Uhuru ulipokaribia, wazee wa sherehe walitaka mchoraji. Wakamfuata mtu wa mbali, Mwero wakampita.

Wiki ile ya sherehe tuliambiwa kila nyumba ipendeze. Nami niliona haya kwa kicheko cha watu. Nikakanda udongo, nikamkandika mama yangu mwenyewe, uso hadi miguu! Mwero aliporudi kutoka Diani aliutazama ukuta. Akasema, "Dada, umemzika mara ya pili." Kesho yake akavuka mpaka, akaenda Tanga.

Ndugu zangu, tangu siku ile nikishika udongo vidole vinakufa ganzi. Ukuta ukapasuka, siwezi kuukandika. Shangazi Umazi akanipeleka kwa mganga. Kuku wawili walikwenda bure. Barua zikaja kutoka Tanga, kisha Dar es Salaam. Nikasema hizi ni laana. Nikazitia kapuni bila kuzifungua, miaka sita.

Siku moja nina homa, jirani yangu Bi Mwanasha alikuja kuniuguza, akaliona kapu. "Hee, Nyamvula! Barua za watu waziweka ziliwe na panya?" Akanisomea. Zote zilianza, "Dada, shikamoo." Zilieleza kwamba huko ugenini picha zake zatundikwa kwenye majumba makubwa. Na kila moja iliuliza neno lile lile: "Mama alikuwa akishikaje mwiko? Mkono wake nimeusahau."

Nililia! Nikapiga magoti, nikamwomba Yesu anisamehe. Sikuona nuru, sikusikia sauti. Niliinuka tu, nikachukua kisu, nikaanza kubandua udongo. Uso wa mama ulibanduka pamoja na udongo. Lakini mkono ulikuwapo, ndugu zangu, na mwiko wake!

Bi Mwanasha akamwandikia, "Njoo uuone." Mwero akaja. Wazee wale wale waliompita walimwekea kiti barazani. Akawaamkia kwa adabu, akapita, akaja kuketi chini mbele ya ukuta. Akaunakili ule mkono kwenye karatasi hadi alasiri. Kisha akakanda udongo mwenyewe, Mjomba Chizi akitazama, akanipa.

"Kandika, dada. Mkono uuache."

Nikakandika! Vidole vyangu vikafanya kazi, na mpaka leo vinafanya.

Namshukuru Mungu. Nawe uliyeketi hapa na kapu lako nyumbani, mtumaini Yesu, ulifungue. Kisha chukua kisu, ubandue polepole.